Jiji linapopitia ombi la bajeti ya shule: nani hasa ameshika kalamu? (Virginia, Marekani)

Kalamu Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Juzi usiku nimetoka kwenye kikao cha baraza la jiji letu hapa Virginia. Ajenda ilikuwa moja: kupitia ombi la fedha la bodi ya shule kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Nimeishi jiji hili miaka kumi na moja, nina watoto wawili shule ya umma, na hii ndiyo mara ya kwanza nimekaa tangu kikao kinafunguliwa hadi wanazima taa. Nilikwenda na hasira za kugawa bure. Nimerudi nazo, ila nimegundua miaka yote nilikuwa nawapelekea watu wasiohusika.

Kwanza jambo ambalo hata majirani zangu waliozaliwa hapa hawalijui. Bodi ya shule ya Virginia haina mamlaka ya kutoza kodi, hata senti. Majimbo mengi ya Marekani, wilaya ya shule ni serikali ndogo inayojitegemea, ina kodi yake na masanduku yake ya kura. Hapa bodi ni mwombaji. Kila majira ya kuchipua inakuja mbele ya madiwani na bakuli. Wajumbe wake siku hizi wengi wanachaguliwa na wananchi (kabla ya sheria ya 1992 wote walikuwa wa kuteuliwa), kwa hiyo unampigia mtu kura akasimamie shule, halafu anakwenda kuomba hela kwa mtu mwingine uliyempigia kura akasimamie barabara na zimamoto.

Ratiba inakwenda hivi. Msimamizi mkuu wa shule anaandaa makadirio wakati wa baridi, bodi inayapitia, inasikiliza wananchi, inayapitisha na kuyatuma jijini. Meneja wa jiji naye anaweka tarakimu yake kwenye rasimu yake, na tarakimu hizo mbili hazijawahi kufanana tangu nianze kufuatilia. Kisha baraza linatakiwa liidhinishe bajeti ya shule kabla ya Mei 15, au ndani ya siku 30 baada ya jimbo kusema litatoa kiasi gani, lolote litakalochelewa zaidi.

Sasa kiini cha uzi. Sheria inawapa madiwani njia mbili tu. Waidhinishe fedha zote kwa mkupuo, tarakimu moja, basi. Au waidhinishe kwa makundi makubwa: ufundishaji, utawala, mahudhurio na afya, usafiri wa wanafunzi, uendeshaji na matengenezo, chakula, majengo, madeni, teknolojia, akiba ya dharura. Chini ya hapo kalamu yao haifiki. Diwani hawezi kusema ondoeni kocha huyu, ongezeni mwalimu wa hesabu pale.

Na juzi nilishuhudia nini? Akina mama na akina baba zaidi ya arobaini wamejipanga kwenye kipaza sauti, kila mmoja na dakika zake tatu, wanamsihi diwani asimwondoe mkutubi wa shule yao. Mama mmoja alikuja na barua za watoto wa darasa la pili. Madiwani wanatikisa vichwa kwa huruma. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama, mimi huyo mkutubi siwezi kumfukuza wala kumbakiza." Kwa nini aseme? Kutikisa kichwa ni bure, na kura mwakani anaitaka.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

Bint Hamisi

Naweka kiti hapa. Swali la haraka mkuu: kama bodi haitozi kodi, hizo hela zote zinatoka mfuko wa jiji? Jimbo na Washington wanafanya nini?

Kalamu Nyekundu

Dada, Washington ni ndogo kuliko kelele zake. Miaka ya kawaida serikali kuu ya Marekani inachangia kama senti nane hadi kumi za kila dola ya shule, na nyingi zimefungwa kwa kazi maalumu: watoto wa familia maskini, wenye mahitaji maalumu, chakula. Zinazobaki wanagawana jimbo na jiji. Wanavyogawana ndipo penye utamu.

Virginia ina fahirisi ya uwezo wa kulipa. Kila baada ya miaka miwili wanapima utajiri wa jiji au kaunti yako: nusu ya uzito ni thamani ya nyumba na ardhi, asilimia 40 ni mapato ya wakazi, asilimia 10 ni mauzo ya rejareja. Wanalinganisha na idadi ya wanafunzi na ya wakazi, inatoka namba chini ya moja. Ukipata 0.35, gharama za msingi jiji linabeba asilimia 35 na jimbo linabeba 65. Dari ni 0.8. Alexandria na Falls Church yamegonga dari hilo.

Mtego uko hapa. Bei za nyumba zikipanda, jimbo linasema hongereni, mmetajirika, na linapunguza sehemu yake. Lakini jiji halijapata hela mfukoni kwa sababu nyumba ya bibi fulani imepanda thamani kwenye makaratasi. Mpaka limtoze huyo bibi. Bibi mwenyewe anaishi kwa pensheni, na yuko mstari wa mbele ukumbini ameshika bango.

Kichwa Ngumu

Mleta uzi, usitupambie. Mimi nalipa kodi ya nyumba jimbo hilohilo na sina mtoto shuleni. Kila mwaka wanafunzi wanapungua na kila mwaka bajeti inapanda. Nikiwa na duka, wateja wakapungua, siendi kwa mwenye nyumba kumwambia niongezee mtaji. Madiwani wakate tu, wataona shule zitakavyojipanga zenyewe.

Mwalimu Chaki

Kaka Kichwa Ngumu, ngoja nikujibu kwa upole maana nimetoka kusahihisha madaftari 90.

Nafundisha Virginia mwaka wa tisa sasa. Shule zikipungukiwa watoto 36, hao 36 hawatoki darasa moja. Tuseme mji una shule kumi na mbili: ni watoto watatu kila shule, mmoja darasa la kwanza, mmoja la tatu, mmoja la tano. Niambie nifunge darasa gani. Basi la shule linapita njia ileile, mafuta yaleyale. Paa halivuji kidogo kwa sababu darasa lina watoto 21 badala ya 22.

Watoto wakipungua sana kweli, kinachookoa fedha ni kufunga shule nzima. Sasa nenda kawaambie wazazi unafunga shule yao. Wale wale wanaodai kodi ishuke watakuja na fulana zenye jina la shule.

Pili, sehemu kubwa ya bajeti ni watu. Wilaya nyingi za Marekani mishahara na mafao ni kama asilimia 80 ya matumizi ya kawaida. Bima ya afya inapanda bila kumuuliza mtu. Kiwango cha mchango wa pensheni kinapangwa na jimbo, sisi tunaletewa. Na watoto wenye mahitaji maalumu wanalindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975: akihitaji msaidizi wake peke yake, anampata, hakuna kusema bajeti imeisha. Sheria hiyo ilikuja na ahadi kwamba serikali kuu ingefika asilimia 40 ya wastani wa gharama kwa mwanafunzi. Haijawahi kuifikia hata mwaka mmoja. Tofauti hiyo iko kwenye bajeti ya jiji lako, kaka.

Kichwa Ngumu

Sawa mwalimu, la watoto watatu kila shule limeniingia. Bima ya afya hata mimi inaninyonga. Ila sijashawishika kuhusu ofisi za makao makuu. Pale kuna wakurugenzi wa kila kitu.

Fundi Bakaa

Kichwa Ngumu ana hoja ila anachimba shimo lisilo lake. Mimi nimefanya uhasibu wa taasisi za umma muda mrefu, si Virginia lakini hesabu ni hesabu. Ukiniletea bajeti ya shule siendi kwenye mishahara ya wakurugenzi. Hata ukiwafukuza wote utapata asilimia moja na chenji, na mwakani utawarudisha kwa jina jingine. Mimi naenda kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi.

Bajeti imeandikwa kana kwamba kila nafasi ina mtu. Uliza: leo hii tunavyoongea, nafasi ngapi ziko wazi? Shule ikitafuta walimu kumi wa elimu maalumu na kuwapata sita, mishahara ya wanne ipo kwenye vitabu na haina mwenyewe. Mwisho wa mwaka inakuwa bakaa. Wasimamizi wazuri wanalisema waziwazi, wanakata asilimia kadhaa mapema kama makisio ya nafasi zitakazobaki wazi. Wengine wanakaa kimya na hela hizo zinageuka mto wa kulalia.

Mleta uzi, kwenu bakaa inakwenda wapi?

Kalamu Nyekundu

Umegonga penyewe, mkuu. Kwa sheria ya Virginia fedha za jiji ambazo shule hazikutumia hadi Juni 30 zinabaki za jiji. Sasa fikiria wewe ndiye msimamizi. Ukibana matumizi, ulichookoa kinakwenda kulipia lami, na mwakani diwani anakuuliza, "Mwaka jana mlibakiza, mnaomba zaidi za nini?" Ndiyo maana Mei na Juni kompyuta zinanunuliwa kama njugu. Si wizi. Hata mimi ningefanya hivyohivyo.

Yapo majiji yaliyoona ujinga huu yakakubaliana na bodi zao: bakaa irudi shule, mara nyingi kwa mradi wa mara moja kama mabasi au paa. Mengine, Virginia Beach mojawapo, yamewahi kuweka sera ya mgawanyo wa mapato, yaani shule zinapata fungu linalofuata kanuni ili kupunguza mieleka ya kila mwaka. Kwetu hakuna kanuni. Kila Aprili tunaanza moja.

Kuna swali moja la diwani juzi nililipenda. Yule mama hasemi sana, mwaka mzima nilidhani analala vikaoni. Akauliza, "Katika nafasi hizi mnazoomba tuzilipie, ngapi zilikuwa zinalipwa kwa fedha za uviko?" Ukumbi ukanyamaza. Msimamizi akafungua kabrasha lake.

Bint Hamisi

Fedha za uviko tena? Si ziliisha?

Kalamu Nyekundu

Ziliisha, ndiyo tatizo. Kati ya 2020 na 2021 Bunge la Marekani lilitoa mafungu matatu kwa ajili ya shule, jumla kama dola bilioni 190, na la mwisho ndilo lililokuwa nono kuliko yote. Mwisho wa kuziingiza kwenye mikataba ulikuwa Septemba 30, 2024. Wenye busara walinunua mitambo ya hewa, wakakarabati, wakaajiri wakufunzi wa muda na kuwaambia mapema kuwa ni wa muda. Wengine waliajiri washauri nasaha na wauguzi wa kudumu kwa hela ya mkupuo. Si kwamba hawakuwa na haja nao, watoto walikuwa na hali mbaya. Ila kila mhasibu alijua siku inakuja.

Siku imekuja, na bili ameletewa diwani. Kwenye makabrasha inaitwa "kuendeleza huduma". Mwananchi akisoma anaona bajeti imepanda. Mwalimu anaona yuleyule muuguzi aliyekuwepo mwaka jana. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Mwalimu Chaki

Naongezea la nyongeza za mishahara, maana hili linanichoma. Gavana au Bunge la jimbo wakitangaza nyongeza ya asilimia fulani kwa walimu, magazeti yanaandika walimu wamepandishiwa. Jimbo linalipa sehemu yake tu, na kwa nafasi zile tu zilizomo kwenye viwango vyake vya ubora, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa na jimbo. Karibu kila mji umeajiri watu zaidi ya viwango hivyo, kwa sababu viwango vyenyewe ni vya chini, ukifuata hivyo tu huwezi kuendesha shule. Hao wa ziada wanapandishwa na jiji peke yake. Kwa hiyo sifa zinakaa Richmond, makao makuu ya jimbo, deni linakaa kwa diwani.

Mwaka 2023 kamati ya ukaguzi ya Bunge hilohilo la jimbo ilitoa ripoti kwamba shule za Virginia zinapata fedha kwa mwanafunzi pungufu kwa asilimia 14 ukilinganisha na wastani wa majimbo 50. Si chama cha walimu kilichosema hayo. Ni wakaguzi wao wenyewe.

Mzee Kofia

Vijana, nawasoma. Mimi niko Massachusetts, na nilikuwa nadhani sisi ndio tumechanganyikiwa.

Kwetu pia kamati ya shule haitozi kodi. Meya anapeleka bajeti, baraza la jiji linaweza kukata jumla ya shule lakini haliwezi kugusa vifungu vya ndani. Kuongeza ni kazi kweli, si kama kukata. Na juu ya yote kuna sheria iliyopigiwa kura ya wananchi 1980: makusanyo ya kodi ya majengo ya mji hayaruhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ukiacha majengo mapya, isipokuwa wananchi wenyewe wapige kura kuvuka. Bima ikipanda asilimia 10 na kodi asilimia 2.5, huhitaji cheti cha uhasibu.

Kilichotuokoa ni mwaka 1993. Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kuwa jimbo lina wajibu wa kikatiba kusomesha watoto wote, wa miji maskini na ya matajiri. Siku chache baadaye sheria ya mageuzi ya elimu ikasainiwa. Tangu hapo kuna kiwango cha chini cha matumizi kwa kila mji, na baraza haliwezi kushuka chini yake hata likiwa na hasira.

New York nako ni kioja kingine. Wilaya nyingi bajeti ya shule inapigiwa kura na wananchi wenyewe mwezi Mei, lakini majiji makubwa matano, pamoja na Buffalo na Yonkers, shule zao zinategemea jiji. Ukihama kilomita chache sheria inabadilika.

Kichwa Ngumu

Shikamoo mzee Kofia. Hiyo ya wananchi kupiga kura kuvuka kikomo naiunga mkono mia kwa mia. Mwenye hela aulizwe.

Kalamu, tupe hesabu ya kodi basi. Kila siku nasikia "senti moja, senti moja". Senti moja ya nini?

Kalamu Nyekundu

Kodi ya majengo hapa inapigwa kwa kila dola 100 za thamani. Chukua mji wa kubuni ambao nyumba na viwanja vyake vyote vimethaminiwa dola bilioni 6. Senti moja kwa kila dola 100 inaleta dola 600,000. Shule zimepungukiwa dola milioni 3? Hizo ni senti tano. Mwenye nyumba ya dola 300,000 ataongezewa dola 150 kwa mwaka mzima.

Dola 150 si mzigo kwangu. Kwa yule bibi wa bango ni mzigo. Nilikaa naye wakati wa mapumziko, tukaongea, si mkorofi hata kidogo. Alifundisha miaka thelathini.

Kitu kingine kinachofichwa: baraza likisema "hatujapandisha kiwango cha kodi", angalia tathmini. Nyumba zikipandishwa thamani na kiwango kikabaki palepale, umepandishiwa kodi. Sheria ya Virginia inalitaka jiji litangaze hadharani kuwa hilo ni ongezeko. Tangazo linawekwa gazetini, mahali ambapo hata mimi ninayelitafuta huwa nalikosa.

Mtoro wa Darasa

Nimesoma yote hadi hapa na simu imebaki asilimia 6. Naomba kuuliza la kijinga: baraza likikataa kutoa hata senti moja? Likisema tu hapana?

Mzee Kofia

Si la kijinga mwanangu. Lilishatokea, na lilitokea hukohuko Virginia.

Kaunti ya Prince Edward. Mwaka 1951 wanafunzi weusi wa sekondari ya Moton waligoma, wakiongozwa na binti wa miaka 16, Barbara Johns, kwa sababu walikuwa wanasomea kwenye vibanda vilivyoezekwa kwa karatasi la lami. Kesi yao ikawa mojawapo ya tano zilizounganishwa kwenye Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, hukumu ya 1954 iliyokataza kutenga wanafunzi shuleni kwa rangi. Mwaka 1959 mahakama ilipoiamuru kaunti ianze kuwachanganya wanafunzi, baraza la kaunti halikubishana sana. Lilipofika kwenye bajeti ya shule lilikataa kutenga fedha. Shule zote za umma zikafungwa.

Miaka mitano. Watoto wa kizungu walijengewa shule binafsi, wakasaidiwa na ruzuku za karo za jimbo na misamaha ya kodi. Watoto weusi, wengine walipelekwa kwa ndugu mbali, wengine walisomea makanisani, wengi walikaa tu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kusema Mei 1964, kwenye kesi ya Griffin, kwamba kaunti haiwezi kufunga shule zake kwa sababu hiyo huku nyingine za jimbo ziko wazi, na kwamba jaji anaweza kuamuru hata kodi itozwe. Shule zikafunguliwa mwaka huohuo. Mtoto aliyekuwa na miaka saba alipofungiwa, alifunguliwa ana kumi na miwili.

Yote hayo kwa kutoandika kitu kwenye mstari mmoja wa bajeti.

Mwalimu Chaki

Asante mzee. Na ndiyo maana Katiba ya Virginia ya 1971 imeandikwa ilivyo: jimbo liweke viwango vya ubora, na kila eneo litoe fungu lake, si hiari. Siku hizi baraza likisema "hatutoi kitu" linavunja katiba. Ila kati ya kiwango cha chini na kinachohitajika kuna nafasi kubwa ya kutesana kihalali.

Fundi Bakaa

Hapo kwenye "kutesana kihalali" nimecheka kwa uchungu. Kalamu, utatuletea matokeo?

Kalamu Nyekundu

Nitawaletea. Kura ni wiki ijayo.

*

Kalamu Nyekundu

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kupotea, nilitaka mambo yaishe kwanza, na yaliisha mahali ambapo sikutegemea.

Usiku wa kura ukumbi ulijaa hadi watu wanasimama koridoni. Wenye fulana nyekundu za walimu upande mmoja, wenye mabango ya kodi upande mwingine. Diwani mmoja alitaka kuidhinisha kwa makundi badala ya mkupuo, ili "tujue hela inakwenda wapi". Mwanasheria wa jiji akaeleza kwamba inaruhusiwa, lakini basi la shule likiharibika Januari bodi italazimika kurudi kwao kuomba ruhusa ya kuhamisha fedha kutoka kundi moja kwenda jingine. Kwa hiyo madiwani watakuwa wanajadili mabasi mabovu usiku wa baridi. Hoja ikafa palepale.

Yule mama asiyesema sana akapendekeza nusu ya pengo: kiwango cha kodi kipande kidogo, na fungu jingine litoke bakaa ya mwaka jana lakini kwa vitu vya mara moja tu. Kusisitiza, alisoma maneno hayo mara mbili: vya mara moja tu. Kura 5 kwa 2. Watu wakapiga makofi, wengine wakazomea, ukumbi ukatoka kama maji. Ajenda iliyofuata ilikuwa mkataba wa kuzoa taka.

Nilikuwa natafuta koti langu mwalimu mmoja akaniambia, "Sasa ndiyo tunaanza." Sikumwelewa.

Nilimwelewa wiki mbili baadaye. Bodi iliomba kiasi fulani, imepewa pungufu, kwa hiyo lazima ikae upya ikate mpaka zilingane. Kikao hicho kilikuwa Jumanne saa kumi na moja jioni, kwenye maktaba ya shule ya kati, tangazo ukurasa mmoja mlangoni. Hapo ndipo kalamu ilipo. Msimamizi alileta jedwali la kurasa nne, mstari kwa mstari: mshauri nasaha, dereva, kocha, mkutubi. Mjumbe anasema huyu abaki, yule aondoke, wanapiga kura, wanaendelea. Dakika tisini.

Usiku wa baraza tulikuwa zaidi ya mia mbili. Kwenye maktaba tulikuwa tisa, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri watoto wao wamalize mazoezi ya mpira. Yule mama wa barua za darasa la pili sikumwona. Nadhani alikwenda nyumbani siku ile ya makofi akiamini ameshinda.

Kichwa Ngumu

Mimi nilikuwepo usiku wa kura, nadhani tuko jiji moja aisee. Niko kwenye wale waliozomea. Hiyo ya maktaba sikuisikia kabisa.

Kalamu Nyekundu

Karibu mwakani kaka, viti vipo. Makadirio yanaanza kujadiliwa Januari. Ila ukitaka kuwahi kweli, fuatilia Septemba 30, wanapohesabu wanafunzi. Makisio yote ya fedha za jimbo yanaota mizizi kwenye idadi hiyo.

Bint Hamisi

Na mkutubi?

Kalamu Nyekundu

Amebaki nusu. Jumatatu na Jumanne shule ya wanangu, Jumatano na Alhamisi shule ya pili, Ijumaa wanagawana kwa zamu. Barua za watoto amezibandika kwenye mlango wa maktaba.